Maswali ya wasomaji: Mgeni anakuja kikao kimoja halafu hatumuoni tena

Mwezi uliopita niligusia hapa habari ya nyumba za pamoja, yaani familia kadhaa zinajenga sehemu moja, kila mtu na nyumba yake, mlango wake na jiko lake, lakini ua ni mmoja, ukumbi mmoja, na siku kadhaa za wiki inapikwa sufuria moja kubwa watu wanakula pamoja. Sikutegemea barua nyingi namna hii. Nimetoa tatu maana zote zinazunguka pale pale, mtu mpya akibisha hodi anapokelewaje. Nimezifupisha tu, maneno ni ya wenyewe.

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni katibu wa kikundi chetu huku Bunju, Dar es Salaam. Tuko kaya 11, tulinunua ekari mbili pamoja, mpango ni nyumba ndogo ndogo zenye ua na ukumbi wa wote, mwaka wa tatu huu bado tunaongea. Tunatafuta kaya kama tano zaidi ili hesabu ya kisima na barabara ikae sawa. Shida ni kwamba kila Jumapili anakuja mgeni mmoja wawili, anakaa, anasikiliza, anakunywa soda yake, anaondoka na hatumuoni tena. Wakubwa wetu wanasema kosa ni la wageni, wanauliza maswali ya kijinga, "kwani hii ni ujamaa?", "hati itasoma jina la nani?", mwingine juzi kauliza "kwa hiyo mke wangu ndio atapikia waume za watu?" Wamechoka kurudia majibu yale yale kila wiki. Mimi naona tunawafukuza bila kujua. Tufanyeje?
Katibu, Bunju

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole, ukatibu wa kikundi kinachojenga ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na hayo maswali mnayoyaita ya kijinga, nimeyasoma mara tatu na sijaona la kijinga hata moja. Anayeuliza kama hii ni ujamaa, muulize kwao ni wapi na wazazi wake wana umri gani. Operesheni Vijiji sio stori ya kale kwa watu wengi, mwaka 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi kwenye vijiji sasa ni lazima na mpaka 1976 wote wawe wamehamia, na kuna sehemu watu walipakiwa kwenye malori na nyumba walizoziacha zikabomolewa au zikachomwa ili wasirudi. Mtoto aliyekaa juu ya lile lori leo ni mtu wa miaka sitini hivi, ana watoto, na watoto wake ndio hao wanakuja kikaoni kwenu. Kwa hiyo hakuulizi siasa huyo, anakuuliza nikitaka kutoka nitatoka? Nikikataa jambo mtanifanya nini? Sasa mjibu hilo. Mfungulie katiba yenu kwenye kifungu cha kutoka, msomee, akiondoka anamuuzia nani, kikundi kinapewa siku ngapi za kununua kabla hajatafuta mtu wa nje, hela yake inarudi kwa mkupuo au kwa mafungu. Na kama kifungu hicho hamna basi mgeni wenu amewapa ajenda ya Jumapili ijayo.

Wa hati nae anauliza jambo la maana kuliko yote. Hapa kwetu kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, inaruhusu mtu awe na hati ya sehemu yake na hisa kwenye maeneo ya wote, na kuna njia nyingine ya kusajili chama cha ushirika chini ya sheria ya 2013 ambapo ardhi inakuwa ya chama na nyie mnakuwa wanachama. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, ukifa, ukiachana na mwenzio, ukienda benki kuomba mkopo, kila njia ina majibu yake. Mtu mwenye akili timamu hatoi akiba ya miaka kumi kabla hajajua yuko kwenye njia ipi. Mmechagua ipi? Barua yako haisemi, na naogopa hata nyie kumi na moja mkiulizwa mmoja mmoja hamtajibu sawa. Mtafuteni mwanasheria akae nanyi siku moja, hao wakubwa wenu wakae mbele.

Huyo wa tatu naomba msimcheke. Kwake jiko ni kazi ya mke, ukimwambia jiko la pamoja anaona mke wake ameajiriwa bila mshahara. Na wanawake wageni wanawaza hivyo hivyo ila hawasemi mbele za watu, wanaenda kusema nyumbani usiku, na hapo ndio mnapoteza kaya nzima na hamjui sababu. Dawa yake ni karatasi ya zamu, ibandikeni ukutani mgeni aione kabla hajaelezwa kitu, iwe na majina ya wanaume na wanawake, nani anapika lini, nani anaosha sufuria. Kama kwenye hiyo karatasi hamna jina la mwanaume hata mmoja basi aliyeuliza alikuwa sahihi.

Sasa nikwambie nilikotoka mimi. Nimekulia Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, jiko na choo huko huko uani, na kila chumba mpangaji wake, mmoja Mmakonde, mwingine Mhaya, mwingine katoka Singida jana. Hakuna siku tulikaa kikao cha kumpokea mpangaji mpya. Anashusha godoro lake, mama mmoja anatoka anamuonyesha bomba liko hapa, maji yanatoka saa kumi alfajiri, kamba ya kuanikia hii ni ya chumba cha tatu usiitumie, zamu ya kufagia ua yako itakuwa Jumatano. Jioni natumwa na bakuli la mchicha nimpelekee. Kesho yake bakuli linarudi na kitu ndani, hata kama ni viazi viwili. Basi, kashaingia. Hajaelezwa maono ya nyumba wala historia yake, kaonyeshwa kamba ya nguo na kapewa zamu, akajua amehesabiwa.

Nyie mnamuweka mgeni kwenye kiti cha plastiki masaa matatu anasikiliza watu wakibishana kuhusu "ile ya mwaka juzi" na "kama alivyosema fundi wa pili". Hajui ya mwaka juzi ni ipi! Hata angekuwa anawapenda vipi lazima ajione kaingia kwenye ugomvi wa ukoo usiomhusu.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Mgeni asianzie kikaoni, aanzie shambani. Chagueni Jumamosi moja ya mwezi iwe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kufyeka, kupanda miti ya mpaka, mpike huko huko, na mgeni aje na watoto na mwenzake. Na siku hiyo chukueni chokaa na kamba mchore nyumba moja chini, kwa saizi yake halisi, chumba hapa, baraza hapa, njia ya kwenda ukumbini hii. Yale mashirikisho ya wakazi wa mitaa isiyopimwa wana desturi nzuri sana, kabla ya kujenga wanasimamisha nyumba ya mfano kwa miti na vitambaa watu wanaingia ndani wanapima kwa mwili wao, mama anasema hapa kitanda hakikai, mzee anasema mlango huu unatazama choo. Mtu aliyesimama ndani ya chokaa dakika kumi anaelewa kuliko aliyesikiliza vikao vitano, na maswali yake yanakuwa mengine kabisa.

Akija kikaoni sasa, awe na mtu wake. Namaanisha mtu mmoja kabisa aliyepangwa, anampokea getini, anakaa nae ubavuni, anamnong'oneza huyu anaeongea ni nani, hili la kisima lilianzia wapi, kwanini wale wawili wamenuna. Huyo mwenyeji asiwe mwenyekiti wala mtu wa mwanzo mwanzo, awe ndio aliyeingia mwisho kabla ya huyu, maana yeye bado anakumbuka alichokuwa haelewi, nyie wengine mmeshasahau. Na hapo ndipo mnamaliza habari ya wakubwa kuchoka kurudia majibu, wasirudie wao, wapumzike, arudie yule ambaye kwake majibu bado ni mapya na atayasema kwa hamu.

Hela siku ya kwanza msimtajie ya kutoa, ila akiuliza mmwambie ukweli wote, kiwanja kilinunuliwa shilingi ngapi, mmeshatumia ngapi, kuna deni wapi. Ugomvi pia msifiche. Kama mmegawanyika kuhusu kisima mwambieni tumegawanyika kuhusu kisima, upande huu unasema hivi na upande huu hivi. Mtu anayetaka kuishi na nyie miaka thelathini anataka kuona mnagombanaje na mnapatanaje, hiyo ndio nyumba yenyewe anayonunua. Kura asipewe mapema, hilo nakubaliana na wakubwa wenu, aongee lakini asizuie jambo mpaka ahudhurie vikao vitatu vinne na msaragambo angalau mmoja, na aambiwe hivyo mapema asije kujiona kabaguliwa.

Kuna kitu nilifanya mimi na bado kinaniuma, ngoja nikieleze. Miaka kadhaa iliyopita kwenye kikundi chetu alikuja mama mmoja mjane, akauliza mama yake mzazi mwenye miguu mibovu ataishi wapi, kwenye zile nyumba zetu za ghorofa moja chumba cha kulala kiko juu. Nikamjibu mimi mwenyewe, "hilo la ramani tulishalimaliza." Akasema sawa. Hakurudi. Wiki ile ile nikarudi kwenye ramani nikaona kwenye nyumba nane hamna hata moja ambayo mzee angeweza kulala chini, na sisi wote tulikuwa tunazeeka humo humo. Tulibadilisha ramani, nyumba tatu zikawekewa chumba chini, lakini yule mama nilimpigia simu nikamuomba radhi akasema ameshapanga sehemu nyingine. Alikuwa ameona kwa dakika tano kitu ambacho sisi hatukukiona mwaka mzima.

Na msikate tamaa kwa miaka mitatu. Kule London, High Barnet, kuna kina mama wenye umri wa zaidi ya miaka 50 waliojenga nyumba 25 za pamoja, walianza kukutana 1998 na kuhamia wakahamia 2016. Miaka 18 mdogo wangu! Fikiria kwa miaka 18 watu wangapi wanahama, wanaumwa, wanabadili mawazo. Kundi lisilojua kupokea mtu mpya lisingefika.

SWALI

Habari Anti. Mimi ni mwenyeji wa Kigoma naishi Aarhus huku Denmark mwaka wa nne sasa. Kuna mdada wa Kidenishi nafanya nae kazi, anaishi kwenye mtaa wao wanaouita bofællesskab, ndio hizo nyumba za pamoja ulizoandika. Akanialika chakula cha jioni cha wote, nikaenda na wanangu wawili. Anti, hakuna aliyesimama kutupokea. Watu kama arobaini wanakula, tukaonyeshwa sahani ziko pale, tukajipakulia. Tulipomaliza mzee mmoja akanipa taulo nifute vyombo! Mgeni, siku ya kwanza! Watoto wamefurahi mno kila siku wananiuliza tunarudi lini. Mimi nimeona dharau. Nakosea?
Mama Wawili, Aarhus

JIBU

Hujakosea kuumia, kwetu mgeni hata kikombe alichonywea haruhusiwi kukiinua, sasa taulo tena. Lakini nadhani yule mzee alikupa heshima ya kwao na wewe ukaisoma kwa macho ya Kigoma, kila mtu yuko sawa hapo.

Ona walivyojipanga. Chakula cha pamoja kule hakina mwenyeji. Watu wazima wanapokezana, unapika zamu yako wewe na mwenzako mnalisha watu arobaini, halafu wiki kadhaa unakula tu bila kushika mwiko. Kwa hiyo usiku ule hakuna aliyekuwa anajiona mwenye nyumba wa kukusimamia mlangoni, hata aliyepika alikuwa ni wa zamu. Na anayekula anafuta vyombo, mwanaume mwanamke, profesa na mwanafunzi. Kukuacha umekaa kwao ndio ingekuwa kukutenga. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawa wameruka zile siku mbili wamekwenda moja kwa moja kwenye jembe. Hilo la kuziruka mimi sikubaliani nalo na ningewaambia, zile siku mbili zina kazi yake, ndio mtu anapata nafasi ya kuuliza choo kiko wapi bila aibu.

Wenyewe huko mambo haya hayakuwaangukia kutoka mbinguni, ujue. Mwaka 1964 msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer alikusanya marafiki wakaanza kupanga, wakapata kiwanja, majirani wakakataa, wakaogopa kelele za watoto, mpango ukafa. 1967 mwanamke anaitwa Bodil Graae akaandika kwenye gazeti kwamba watoto wawe na wazazi mia moja, watu wakamtafuta, na mwishowe 1972 ukajengwa mtaa wa kwanza, Sættedammen, karibu na Hillerød, nyumba 27. Kwa hiyo mwanzo wake kabisa ni watoto. Wanao walichokiona usiku ule, kutoka nje wakakimbia bila mtu kuwaita kila dakika, kila mtu mzima anawatazama, ndicho kile kile ambacho wewe ulikipata Kigoma bila gazeti kukiandika. Nadhani ndio maana wanataka kurudi.

Rudi. Mwambie huyo mdada ukweli, kwamba kwetu mgeni anapokelewa hivi na mimi siku ile nilijisikia vibaya, Wadenishi wanapenda kuambiwa waziwazi na hatakasirika. Nakuhakikishia hawakujua. Halafu omba zamu. Pika wali wa nazi na maharage kwa watu arobaini, simama hapo hapo kwenye sufuria uwapakulie kwa mkono wako na useme karibu kwa kila mmoja, karibu, karibu, mpaka wa mwisho. Wataipenda, na mgeni atakayekuja wiki inayofuata huenda akakuta mtu kasimama mlangoni.

Kama unawaza kuhamia, uliza mapema foleni yao ikoje, kwenye mitaa mingi ya namna hiyo kuna orodha ya kusubiri na nyumba nyingine zinauzwa, nyingine za kupanga, usije ukawaahidi watoto kitu cha miaka mitano mbele.

SWALI

Sasa Anti. Niko Umoja hapa Nairobi, mimi ni nesi. Rafiki yangu alinipeleka kwa chama fulani, wanataka kununua shamba upande wa Kitengela wajenge waishi pamoja kama jamii. Nilipenda sana hiyo idea juu hapa plotini hatujuani hata na jirani wa ukuta. Lakini siku ya kwanza nikaambiwa nitoe 5,000 ya usajili ndio nielezwe mambo. Nikauliza katiba, nikaambiwa "hapa tunaaminiana kama familia." Nikauliza tena, mwenyekiti akasema mimi nina roho ya kushuku na watu kama mimi huharibu umoja. Nilirudi nyumbani nikijiona mbaya. Nirudi nikaombe msamaha?
Nesi, Umoja

JIBU

Poa mdogo wangu. Usirudi kuomba msamaha na hiyo 5,000 usitoe.

Mtu mpya akiuliza katiba akapewa katiba, hapo kuna chama. Akiuliza akaambiwa ana roho mbaya, hapo sijui kuna nini, ila jamii sio. Hata familia wanaogombania shamba la baba huwa wanakwenda kuangalia hati. Sisemi hao ni matapeli, inawezekana ni watu wema tu wanaoogopa maswali kwa sababu majibu hawana, lakini hela yako ni ile ile kwa tapeli na kwa mwema asiye na majibu.

Na kwenu Kenya mnao mfano mzuri sana karibu, wala sio mbali na hapo unapokaa. Watu wa Kambi Moto, Huruma, wakiwa ndani ya Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda ulioanza 1996, walijenga nyumba zao wenyewe pale pale walipokuwa na vibanda, kwa akiba ndogo ndogo za kila mtu zinazoandikwa. Watu ambao hawakuwa na kitu waliweza kuweka daftari, itakuwa mwenyekiti mwenye suti?

Kama bado unautaka mtindo huu wa maisha, na ninaona unautaka, tafuta kikundi ambacho siku ya kwanza wanakuonyesha cheti cha usajili, akaunti iliyo kwa jina la chama yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na matokeo ya sachi ya hilo shamba, yaani karatasi ya kuonyesha shamba ni la nani, kutoka ofisi ya ardhi, na hiyo sachi uende ukaifanye tena wewe mwenyewe. Halafu uliza nani alitoka kwenye chama mwaka jana na kama hela yake alirudishiwa, na uombe namba ya huyo aliyetoka. Huyo mpigie kabla ya mwenyekiti.